Baiskeli ya milimani baada ya matope: dalili, vyanzo vyake na pa kuishia kabla ya kumwita fundi

Malalamiko mengi kuhusu baiskeli ya milimani hayaanzii njiani. Huanza kesho yake asubuhi, baiskeli ikiwa imeoshwa ikang'aa: breki zinapiga yowe, cheni imeota kutu, kuna kitu kinalia kila ukikanyaga pedali. Mwenyewe husema, "Lakini jana niliiosha vizuri!" Mara nyingi jibu liko hapo hapo kwenye kuosha. Matope yana madhara yake, hilo sibishi, ila mengi ninayoyakuta baada ya safari ya mvua yameletwa na maji yaliyosukumwa mahali yasipotakiwa, au mafuta yaliyopulizwa mahali yasipotakiwa.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, kumbuka mambo matatu. Maji yalitoka kwenye nini, na kwa nguvu gani? Ulipuliza dawa au mafuta gani, na karibu na nini? Na baiskeli ililala vipi: imesimama, imepinduliwa, au imelowa ndani ya chumba kisicho na hewa? Majibu hayo yatakuokolea nusu ya kazi.

Uoshaji ninaouchukua kama kipimo ni huu: mwaga maji kwa ndoo au mpira wa bustani usio na nguvu, kutoka juu kwenda chini, hadi tope kubwa lidondoke lenyewe. Kisha sabuni ya vyombo kidogo ndani ya maji ya uvuguvugu, sponji kwa fremu na magurudumu, brashi kwa cheni na sproketi (magurudumu yenye meno yanayoshika cheni). Brashi ya cheni na sponji ya fremu zisikutane hata siku moja, wala zisitumie ndoo moja. Suuza, kung'uta baiskeli mara mbili tatu kwa kuidundisha chini kwa magurudumu, futa kwa kitambaa kikavu, halafu ndipo upake oili kwenye cheni.

Tope limeganda, au rangi imefifia baada ya kusugua

Chanzo cha kawaida ni kusugua kabla ya kulowesha. Tope lililokauka ni mchanga uliofungwa na udongo wa mfinyanzi, na ukilisugua kavu unapiga msasa rangi yako mwenyewe. Lifunike kwa kitambaa kilicholowa, liache dakika kumi au kumi na tano, kisha mwaga maji. Lililojificha chini ya kiti na nyuma ya krenki (mikono inayobeba pedali, pamoja na ekseli yake) litoe kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, bisibisi iache kwenye kisanduku.

Chanzo cha pili ni sponji iliyoanguka chini ikaokotwa na kazi ikaendelea. Ikianguka, isuuze hadi maji yatoke meupe.

Kwenye fremu, tazama zaidi pale nyuma ya krenki ambapo tairi hupita karibu na mirija miwili ya nyuma. Tope likijaa hapo tairi hulizungusha kama jiwe la kusagia. Kwenye alumini utaona rangi imekwisha na chuma kinang'aa: safisha na ubandike plastiki ya kulinda. Kwenye fremu ya kaboni, ukiona nyuzi nyeusi zimeanza kuonekana, au kidole kikisikia shimo, usiendeshe tena. Mpelekee fundi anayetengeneza kaboni akague. Rangi ya kupaka juu itaficha kidonda tu.

Breki za diski zinapiga yowe au hazishiki

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari kuliko yote, kwa hiyo tulipe nafasi yake.

Kwanza, maji tu. Diski iliyolowa hupiga kelele hata kama haina kasoro. Sukuma baiskeli kwa mkono mahali tambarare, bana breki taratibu, achia, bana tena, mara kumi hivi. Kelele ikipungua kila unapobana, hakuna tatizo lolote, pedi (vile vipande vinavyoibana diski) zinajikausha.

Pili, mchanga kati ya pedi na diski. Huu hutoa mkwaruzo kama wa msasa, sauti tofauti na yowe. Toa gurudumu, mwaga maji safi kupitia kalipa (kibano kinachobeba pedi), futa diski. Usibane mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pistoni zitajisogeza na gurudumu litagoma kurudi. Ukitaka usalama zaidi, weka kipande safi cha plastiki au cha kadibodi kati ya pedi.

Tatu, mafuta. Dalili yake ni yowe kali linaloambatana na breki kutoshika: unabana kwa nguvu zote, baiskeli inaendelea kuteleza. Karibu kila mara mtu amepuliza mafuta ya kopo kwenye cheni, na ukungu wake ukatua kwenye diski ya nyuma. Liliwahi kunipata. Nilipuliza kutoka upande wa kulia nikidhani diski iliyo kushoto iko mbali, na kesho yake kwenye mteremko wa kwanza breki ya nyuma ikawa kama haipo. Tangu siku hiyo cheni naipaka tone kwa tone, na diski naivika mfuko.

Ukishuku mafuta, toa pedi uziangalie. Futa diski kwa kitambaa kipya chenye alkoholi safi ya isopropili, isiyo na manukato wala mafuta ndani yake, na ugeuze kitambaa kila mara hadi kisitoke na weusi. Pedi zilizoguswa kidogo tu zinaweza kusuguliwa kwenye msasa ulioloweshwa, juu ya kitu bapa, mpaka ule uso wa kung'aa uondoke. Fanyia nje na usivute vumbi lake. Zilizonyonya mafuta hadi ndani zitupe. Najua kuna wanaozichoma kwa moto ili mafuta yatoke. Mimi sishauri: gundi inayoshika pedi kwenye bamba lake inaweza kuharibika, nawe hutajua hadi siku ikikatika.

Pedi mpya, au zilizosuguliwa, zinahitaji kuzoeana na diski. Kimbiza baiskeli kiasi, kisha bana hadi karibu na mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu. Rudia kama mara 20 kwa kila breki. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu pedi.

Nne, pedi zimekwisha. Usicheke wazo hilo kama ulizinunua juzi. Tope lenye mchanga mkali linaweza kumaliza pedi laini za resini ndani ya safari moja ndefu. Zile za unga wa metali hustahimili zaidi. Sehemu ya kusugua ikibaki nusu milimita, badilisha. Diski nayo ina kikomo chake, mara nyingi kimechongwa juu yake: nyingi huanza na unene wa milimita 1.8 na mwisho wake ni 1.5.

Tano, na hii ni ya nadra, bolti za kalipa zimelegea au kalipa imekaa upande. Legeza bolti mbili kidogo, bana breki na ushikilie, kisha kaza bolti huku bado umebana.

Simama hapa: ukiona unyevu wa mafuta ukitoka kwenye kalipa yenyewe au chini ya mkono wa breki, usiende mlimani. Usiongeze mafuta yoyote kwa kubahatisha. Breki nyingine hutumia mafuta ya madini, nyingine mafuta ya DOT, na ukikosea sili za ndani (mipira ya kuzuia uvujaji) huharibika. Ya DOT yakimwagika hula rangi pia. Na kabla ya safari ya kwanza baada ya kugusa breki yoyote, simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, isukume mbele kwa nguvu. Gurudumu la nyuma lisipoinuka, bado hujamaliza.

Jambo moja zaidi: diski iliyotoka kwenye mteremko mrefu inaunguza kidole, na maji baridi juu yake yanaweza kuipinda. Iache ipoe ndipo uoshe.

Mkono wa breki umekuwa laini, unafika hadi kwenye usukani

Uliipindua baiskeli, magurudumu juu, ili uioshe? Basi huenda hewa iliyokuwa imetulia ndani ya kikombe cha mafuta imeingia kwenye mpira wa breki, yaani bomba la kupitishia mafuta. Isimamishe, bana na kuachia mara ishirini au thelathini, kisha funga mkono wa breki kwa mpira au kamba usiku kucha. Mara nyingi asubuhi huwa umerudi kuwa mgumu. Usiporudi, hewa imebaki na breki inahitaji kutolewa hewa. Kazi hiyo inafanyika nyumbani kwa vifaa sahihi, lakini kama hujawahi kuifanya, ya kwanza fanya mbele ya fundi.

Cheni ina kutu, inalia, au inaruka meno

*Kutu ya rangi ya chungwa asubuhi.* Cheni iliachwa na maji. Kutu ya juu juu si msiba: weka oili, zungusha pedali nyuma, futa, rudia. Kinga yake ni kufuta cheni kwa kitambaa mara tu baada ya kusuuza na kuiacha ikauke kabla ya oili. Oili ikipakwa juu ya maji, maji yanabaki yamefungiwa ndani ya pini, na huko ndiko cheni huliwa.

*Inalia kama ndege.* Dawa ya kuondoa grisi imefanya kazi yake hadi ndani, kisha oili ikapakwa kwa nje tu. Kinachohitaji oili ni ndani ya roli, vile vipande vya duara vinavyozunguka kwenye pini za cheni. Tone moja kwa kila roli, upande wa ndani wa cheni, ukizungusha polepole. Iache saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, halafu futa nje yote hadi kidole kitoke karibu kikavu. Oili iliyobaki nje hulisha mchanga. WD-40 ya kawaida inafukuza maji vizuri, ndiyo kazi iliyotengenezewa, lakini ukiishia hapo na usipake oili ya cheni, kilio kitarudi upesi.

*Inaruka au gia zinahama zenyewe.* Fuata mpangilio huu, kwa sababu nimeona watu wengi wakigusa skrubu za kihamisha gia (kifaa cha nyuma kinachosogeza cheni) siku ya kwanza, wakaharibu marekebisho yaliyokuwa sawa. Skrubu hazikuguswa na tope.

Anza na uchafu. Chungulia kati ya sproketi za nyuma: nyasi na udongo ulioshindiliwa huinua cheni isikae kwenye jino. Zitoe kwa brashi nyembamba, au pitisha kitambaa katikati ukikivuta huku na huku. Safisha na vile vigurudumu viwili vidogo vya kihamisha gia.

Kisha tafuta kiungo kigumu. Zungusha pedali nyuma taratibu, macho kwenye vigurudumu vile viwili. Kiungo kigumu kinapopita, cheni huruka kidogo na mkono wa kihamisha gia hutikisika. Weka tone la oili, shika cheni pande zote mbili za kiungo hicho, ikunje kidogo kushoto na kulia. Isipolegea, kutu imekwisha ingia kwenye pini.

Halafu waya. Bonyeza gia: ikienda nzito upande mmoja na kurudi polepole upande mwingine, maji na tope vimeingia ndani ya ganda la waya. Kupuliza mafuta ndani kunasaidia siku mbili tatu. Waya mpya na ganda jipya ndiyo dawa.

Baada ya hapo pima cheni. Umbali kutoka pini hadi pini inayofuata ni nusu inchi, sawa na milimita 12.7, kwa hiyo kwenye cheni mpya nafasi 24 ni milimita 304.8. Ikifika takriban 306.3 imerefuka kwa asilimia 0.5, na cheni za gia 11 au 12 hubadilishwa hapo. Za gia 9 au 10 zinaweza kusubiri hadi asilimia 0.75, yaani kama 307.1. Ukichelewa, cheni inakula sproketi pia, kisha cheni mpya itaruka juu ya meno ya zamani na utadhani umeuziwa mbovu.

Mwisho, tazama kihamisha gia ukiwa nyuma ya baiskeli. Vile vigurudumu viwili vinapaswa kusimama kwenye mstari mmoja na sproketi iliyo juu yao. Vikiwa vimeinama kuelekea spoku, kile kipande chembamba kinachokishikilia kwenye fremu kimepinda, pengine baiskeli ilipolazwa kwa upande wa kulia. Usiingie gia nyepesi kabisa. Kihamisha gia kinaweza kuingia kwenye spoku gurudumu likizunguka. Kukinyoosha kunataka kifaa maalumu, mwachie fundi.

Unakanyaga, pedali inazunguka bure

Ndani ya friwili, ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayobeba sproketi, kuna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi. Maji yakiingia, au dawa ya grisi ikitiririka ndani kwa sababu baiskeli ililazwa wakati wa kuosha, grisi hugeuka gundi na vikucha havinyanyuki. Dalili ya mapema ni ule mlio wa *tik-tik-tik* kubadilika au kutoweka baiskeli ikiteleza bila kukanyagwa. Usijaribu kuendesha ukisubiri itapona. Siku ikiachia umesimama juu ya pedali, utaangukia usukani. Friwili ifunguliwe, isafishwe, iwekwe grisi nyepesi inayopendekezwa na mtengenezaji, kidogo sana.

Kitu kinalia *kri, kri* na hujui kiko wapi

Watu hukimbilia beringi za krenki. Waliozibadilisha na mlio ukabaki ni wengi, kwa sababu fremu hubeba sauti na sikio hudanganywa. Tafuta kwa kuondoa mmoja mmoja.

Simama juu ya pedali. Mlio ukikoma, uko kwenye kiti: toa nguzo ya kiti, futa mchanga ulioingia nayo, paka grisi ikiwa ni chuma juu ya chuma, au pesti ya kaboni ikiwa upande mmoja ni kaboni, rudisha. Safisha pia reli za kiti na kibano chake. Mara nyingi kazi inaishia hapa.

Mlio ukibaki ukiwa umesimama, jaribu kutokanyaga, ukiyumbisha usukani tu huku umebana breki ya mbele. Ukilia, angalia bolti za usukani na beringi zake. Usipolia, toa pedali. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, hufunguliwa kwa kugeuza upande wa saa. Safisha nyuzi, paka grisi, kaza. Kisha ekseli ya gurudumu la nyuma, kisha bolti za sproketi ya mbele. Beringi za krenki ziwe za mwisho.

Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kando ya bolti. Bolti nyingi za usukani ni karibu Nm 5, na kwenye kaboni kukaza kwa hasira ni kununua usukani mpya.

Gurudumu au usukani unazunguka kwa ukakasi

Inua gurudumu, lizungushe, weka kidole kwenye fremu karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukisikia mtetemo kama wa mchanga, maji yamepita sili. Hapa ndipo mashine ya presha inapojulikana. Maji ya bomba la nyumbani huwa na msukumo wa bari chache tu. Mashine hizo hupita 100. Sili ya baiskeli imetengenezwa kuzuia maji yanayorushwa na tairi, si mshale wa maji unaolengwa ubavuni. Kama ni lazima uitumie, simama mbali zaidi ya mita moja, osha tairi na mirija tu, na usilenge habu, krenki, usukani wala shokomzoba.

Ukakasi hautibiwi kwa oili ya kupuliza kwa nje, kwani huyeyusha grisi iliyobaki. Beringi za kufungua husafishwa na kuwekwa grisi, zilizofungwa hubadilishwa. Kuzing'oa na kuzipachika bila kifaa chake kunaharibu nyumba ya beringi, na nyumba hiyo mara nyingine ni fremu yenyewe.

Shokomzoba inakwama au inashuka kwa kusitasita

Futa nguzo zinazong'aa kwa kitambaa laini chenye unyevu, kisha kikavu. Bonyeza mara kumi, futa duara la uchafu lililojitokeza, rudia hadi litoke safi. Usichokonoe sili kwa bisibisi wala kisu. Pima hewa. Kama bado inasitasita, grisi na oili ya ndani zimechoka au zimechanganyika na maji. Watengenezaji wa shokomzoba RockShox, kwa mfano, wanataka sehemu ya chini ya shokomzoba ya mbele ifanyiwe huduma kila saa 50 za kuendesha, na kwenye matope singengoja hata zifike.

Pitisha ukucha kwenye nguzo. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, mkwaruzo huo utachana sili kila inaposhuka. Hiyo ni ya fundi. Na shokomzoba ya nyuma iliyokwama ikiwa imebonyea, usiifungue. Ndani yake hewa huwa imebanwa kwa psi 200 au zaidi, na vipande vinaweza kuruka usoni.

Maji yanasikika ndani ya fremu

Toa nguzo ya kiti, ukiwa umeweka alama ya urefu kwa utepe, simamisha baiskeli kwa gurudumu la nyuma kisha la mbele. Angalia chini ya krenki: fremu nyingi zina tundu dogo la kutolea maji, nalo huzibwa na tope. Lizibue kwa kijiti, iache wazi usiku kucha.

Baiskeli ya umeme imeoshwa na sasa haiwaki

Usiiwashe mara ya pili wala ya tatu kujaribu bahati, na usiiweke kwenye chaji. Toa betri, ipeleke mahali pakavu penye hewa, mbali na jua kali na moto. Futa ncha za shaba kwa kitambaa kikavu, acha soketi ya fremu wazi ikauke siku nzima. Ncha zenye ukijani husafishwa kwa alkoholi ileile ya isopropili na mswaki laini, betri ikiwa imetolewa. Ikikauka ikawaka, vizuri. Ikionyesha alama ya hitilafu, au betri imevimba, ina joto bila kutumika, au inatoa harufu ya tamu-tamu kama ya rangi ya kucha, usiirudishe ndani ya nyumba. Iache nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na umpigie simu muuzaji au fundi wa betri za lithiamu siku hiyohiyo.